Maswali ya wasomaji: Pedi na diski za nyuma kwenye van

Barua za mwezi huu zimeegemea breki za nyuma, hasa za van zinazoingia nchini zikiwa zimetumika Ulaya. Tuanze na jambo moja ili tusipotezane. Toyota HiAce nyingi zinazobeba abiria na mizigo hapa kwetu zina ngoma na viatu vya breki nyuma, kwa hiyo majibu haya si yao. Tunazungumzia gari zenye diski nyuma, kama Volkswagen Transporter na Mercedes-Benz Sprinter.

Pedi ya ndani imebaki chuma, ya upande wa pili bado nene

*Habari za kazi mafundi. Nina Transporter T5 ya kusambaza unga na mafuta ya alizeti kutoka Kibaigwa kwenda Dodoma mjini. Miezi mitano iliyopita nilibadilisha pedi za nyuma. Sasa gurudumu la kushoto pedi ya ndani imekwisha hadi chuma na diski imechimbika. Upande wa kulia pedi zote mbili bado nene. Fundi anataka diski na pedi mpya pande zote mbili. Ni lazima? Na kazi ifanyweje nisirudi tena gereji baada ya miezi mitano? – Mfanyabiashara, Kibaigwa*

Ndugu mfanyabiashara, fundi wako yuko sahihi kuhusu pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa na diski na pedi mpya na mwingine wa zamani, nguvu ya kushika haitalingana, na ukikanyaga ghafla kwenye lami yenye mchanga nyuma ya gari inaweza kuteleza upande. Diski na pedi hununuliwa kwa ekseli nzima, si kwa gurudumu.

Lakini pedi mpya peke yake haitakuponya. Pedi iliyokwisha ndani ya miezi mitano imeliwa na kitu, na kitu hicho bado kipo kwenye gari. Kabla hamjatupa pedi za zamani, zipangeni mezani jinsi zilivyotoka mkazisome.

Kalipa ya nyuma ya gari yako (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ina pistoni moja upande wa ndani. Pistoni inasukuma pedi ya ndani. Kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje. Pini zikikwama, pistoni inaendelea kusukuma lakini kalipa haisogei, na pedi ya ndani ndiyo inayobeba kazi yote. Hali ni hiyohiyo pistoni ikishindwa kurudi nyuma, au mkono wa hendibreki ulio kwenye kalipa ukibaki umevutwa kidogo. Ikiwa pedi ya nje ndiyo iliyokwisha zaidi, kalipa imevutwa ikagoma kurudi, nako kosa liko kwenye pini. Pedi iliyolika mshazari, nene huku na nyembamba kule, inaonyesha pini moja imekwama au sikio la pedi (ncha yake ya pembeni) limebanwa kwenye fremu inayoshikilia pedi na kalipa. Kwa ulivyoeleza, tunashuku mambo matatu: pini, pistoni, na kebo ya hendibreki ya kushoto. Yote matatu yakaguliwe hata kama la kwanza mtalikuta na kasoro.

Vitakavyohitajika ni diski mbili, seti moja ya pedi (nne), seti ya vibati vya chuma cha pua vinavyokaa kwenye fremu, bolti nne za pini, skrubu mbili za kushikia diski, raba nne za pini, kipakiti cha grisi maalumu ya breki, makopo mawili ya dawa ya kusafishia breki, na lita moja ya mafuta ya breki ya DOT 4 ambayo haijafunguliwa. Boksi nyingi nzuri za pedi huja na bolti mpya za pini zenye gundi kwenye meno. Msizirudishe za zamani kwa sababu tu zinaonekana nzima.

Shusheni mzigo wote kwanza. Unga na madumu ya mafuta juu ya gari lililoinuliwa ni hatari isiyo na sababu. Egesheni sehemu ngumu na tambarare, wekeni kabari magurudumu ya mbele, tieni gia ya kwanza, na hendibreki ishushwe kabisa, maana ikibaki imevutwa kalipa haitafunguka vizuri. Legezeni bolti za gurudumu kabla ya kuinua. Gari likishapanda likae juu ya stendi, si juu ya jeki. Tofali pia si stendi. Hupasuka bila kutoa onyo.

Fungueni upande mmoja tu. Ule mwingine ubaki umefungwa uwe ramani yenu ya kuonyesha kibati kipi kinakaa wapi.

Chomoeni kebo ya hendibreki kwenye mkono wa kalipa. Fungueni bolti mbili za pini huku mkizuia pini yenyewe isizunguke kwa spana nyembamba. Kalipa ikitoka, ifungeni kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wa breki: mpira unaweza kupasuka kwa ndani bila kuonekana nje, na mpira wa namna hiyo huachia mafuta yaende lakini hauyaruhusu kurudi, kwa hiyo breki inabaki imeshika. Gari iliyofanyiwa kazi hivyo miezi mitano iliyopita inaweza kuwa inalipia hilo leo.

Toeni pedi, kisha bolti mbili kubwa za fremu. Hizo hukazwa sana, na van zilizotumika Ulaya mara nyingi huja na kutu kutokana na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Wekeni mafuta ya kulegeza kutu jioni, fungueni asubuhi, kwa soketi ya pembe sita na mpini mrefu. Skrubu ya diski ikigoma, igongeni kichwani kwa nyundo na bisibisi nene mara kadhaa kabla ya kuizungusha. Kichwa kikiharibika, kitobolewe kwa drili. Kazi yake ni kushika diski isianguke wakati gurudumu halipo. Kinachobana diski ni bolti za gurudumu.

Hatua inayofuata ndiyo mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha kazi ya miezi mitano na kazi ya miaka. Habu, yaani kitovu cha chuma kinachobeba diski na gurudumu, isafishwe mpaka chuma king'ae. Piteni brashi ya waya, kisha msasa, hasa kuzunguka shina la katikati na kila tundu la bolti. Vumbi lililoganda, au gamba la kutu lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, likibaki chini ya diski, ukingoni mwa diski kuyumba huko huongezeka karibu mara mbili. Siku ya kwanza hutasikia kitu. Lakini kila mzunguko sehemu ileile ya diski inaigusa pedi, inalika kidogo kidogo, na baada ya kilomita elfu kadhaa pedali inaanza kutetemeka. Hapo watu husema diski imepinda kwa joto. Mara nyingi haikupinda. Ilifungwa juu ya uchafu.

Sasa kalipa. Raba ya vumbi ya pistoni ikiwa imepasuka, angalieni ukingo wa pistoni. Kutu au mikwaruzo ikiwa imefika kwenye sili (raba inayozuia mafuta kuvuja), kalipa ibadilishwe au ifunguliwe na kuwekewa sili mpya. Vumbi letu jekundu likichanganyika na unyevu huwa kama msasa laini, linakula sili polepole. Kama raba ni nzima, rudisheni pistoni. Kwenye T5 yenye hendibreki ya kebo pistoni hairudi kwa kusukumwa tu, kwa sababu ndani yake kuna skrubu ya kujirekebisha. Inazungushwa kuelekea kulia huku ikisukumwa, kwa kifaa chake. Anayeibana kwa klempu pekee anaivunja skrubu hiyo, na hendibreki haitashika tena hata kebo ikiwa mpya. Kwenye aina nyingine za gari pistoni ya upande mmoja huzunguka kushoto, kwa hiyo ikigoma msitumie nguvu. Jaribuni upande wa pili.

Kabla ya kurudisha pistoni, punguzeni mafuta kwenye kikopo cha mafuta ya breki, vinginevyo yatafurika. Mafuta ya breki hubabua rangi, na yakimwagika huoshwa kwa maji mengi papo hapo.

Pini zichomolewe na kufutwa mpaka zing'ae. Tundu zake zifutwe pia kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye waya. Pini yenye kutu iliyochimba itupwe. Pakeni grisi ya breki kidogo, utando tu, kwa kuwa ikijaa tundu hewa hukosa pa kutokea na pini husukumwa nje. Tunasisitiza grisi ya breki, ile ya silikoni au ya sintetiki. Grisi ya beringi na oili ya injini huvimbisha raba, na raba iliyovimba ndiyo inayokamata pini. Huenda hiki ndicho kilichotokea upande wako wa kushoto. Pini ikirudi mahali pake inapaswa kwenda na kurudi kwa kidole kimoja.

Fremu nayo ikwanguliwe pale vibati vinapokaa. Kutu chini ya kibati hukiinua, nafasi ya sikio la pedi inapungua, na pedi inabanwa. Pigeni tupa hadi chuma safi, bandikeni vibati vipya, halafu ijaribuni pedi kwa mkono: iingie na kutoka bila kugongwa. Kama inahitaji nyundo, rudini kwenye tupa.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Ioshwe kwa dawa ya breki, au kwa maji ya moto na sabuni ya unga kisha ikaushwe vizuri. Petroli haifai. Fungeni diski, fremu, pedi, kalipa, kebo. Bolti zote zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari. Bolti za magurudumu za T5 ni 180 Nm, kwa mtindo wa msalaba.

Kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyageni pedali polepole mara nyingi hadi iwe ngumu. Pistoni ziko mbali na pedi, na kanyago la kwanza litazama hadi chini. Baada ya pedali kuwa ngumu ndipo hendibreki ivutwe mara kadhaa ili skrubu ya ndani ijirekebishe. Angalieni kwamba mikono ya kalipa zote mbili inarudi mpaka kwenye kituo chake hendibreki ikishushwa. Wa kushoto usiporudi, kebo ndiyo mwizi wenu, na ibadilishwe siku hiyohiyo.

Mwisho, pedi zizoeshwe diski. Tafuteni barabara tambarare yenye magari machache, kama kipande cha kuelekea Bahi asubuhi. Kutoka kilomita 60 kwa saa punguzeni hadi 20 kwa kukanyaga wastani, bila kusimama kabisa, mara kumi, mkiacha nusu kilomita kati ya kanyago na kanyago. Kisha endesheni kilomita chache bila kugusa breki ili zipoe. Msisimame na kushikilia breki diski zikiwa za moto, maana pedi huacha alama yake juu ya diski. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kazeni tena bolti za magurudumu.

Diski ya Sprinter imegoma kutoka

*Mafundi, nina Sprinter mezani. Kalipa na fremu nimetoa, diski inazunguka vizuri kwa mkono lakini haitoki. Nimegonga mpaka ukingo umemeguka. – Fundi, Mpwapwa*

Fundi mwenzetu, simamisha nyundo. Kwenye Sprinter hendibreki haipo kwenye kalipa. Katikati ya diski kuna ngoma ndogo, na ndani yake viatu viwili vya breki. Ngoma ikishalika, ukingo wa ndani unabaki na kidevu, yaani sehemu iliyoinuka ambayo haikulika, na viatu vimekaa nyuma ya kidevu hicho. Unavyogonga unavivuta viatu pamoja na springi zake.

Legeza kebo ya hendibreki. Zungusha diski mpaka moja ya tundu za bolti za gurudumu ilingane na gurudumu la meno la kurekebishia, mulika kwa tochi, na ulirudishe kwa bisibisi jino moja moja hadi viatu vilegee. Diski itatoka. Ikibaki imeng'ang'ania shina la habu kwa kutu, hapo ndipo nyundo ina kazi, ukipiga kuzunguka kofia ya diski (sehemu yake ya katikati iliyotokeza) huku ukiizungusha. Diski nyingine, hasa za Kijapani, zina tundu mbili zenye meno, aghalabu za bolti ya M8. Ukizikuta, ingiza bolti mbili na uzikaze kwa zamu, diski itajisukuma yenyewe.

Ukishaitoa, kagua kama viatu vimebanduka kwenye bati lake. Van iliyokaa muda mrefu bandarini au uwanjani kiatu huachana na gundi yake, na kikibaki huru ndani ya ngoma kinaweza kufunga gurudumu gari likitembea. Pistoni za kalipa yako hazizungushwi. Zinasukumwa moja kwa moja. Ukimaliza kufunga, rekebisha viatu kupitia tundu lilelile: kaza hadi diski ishike, kisha rudisha meno machache mpaka izunguke huru. Kebo inakuja baadaye. Ukianza na kebo, hendibreki itakuwa fupi leo na ndefu mwezi ujao.

Diski ichongwe au inunuliwe mpya?

*Diski zangu za nyuma zina mifereji lakini bado nene kwa macho. Kuna fundi wa mashine ya kuchonga anasema atazisawazisha. Nifanyeje? – Msomaji, Manyoni*

Macho hayapimi diski. Kila diski ina unene wa mwisho umegongwa ukingoni au kwenye kofia, mara nyingi ukitanguliwa na maandishi MIN TH. Unene huo ndio kikomo cha matumizi. Wakati wa kuchonga unatakiwa kubaki na ziada juu yake, maana diski itaendelea kulika. Diski ikitoka kwenye mashine ikiwa sawasawa na namba hiyo, umelipia kitu cha kutupa.

Kipimo sahihi ni maikromita, sehemu nane kuzunguka diski, kama sentimita moja kutoka ukingoni. Wenye rula ya vernia hudanganywa na kidevu kilichobaki ukingoni: taya za rula zinakaa juu ya kidevu, na diski nyembamba inaonekana nene. Dawa yake ni sarafu mbili. Weka moja kila upande wa diski, ndani ya kidevu, pima zote kwa pamoja, kisha pima sarafu zenyewe na utoe.

Kwa diski za nyuma za van tunapendekeza mpya, isipokuwa kama unene unaruhusu bila ubishi na mchongaji anaweza kuikata diski pande zote mbili bila kuyumba. Diski yenye nyufa zinazofika ukingoni haichongwi kamwe.

Pedali laini baada ya kazi

*Tulibadilisha kalipa moja ya nyuma na kutoa upepo kwenye mafuta ya breki vizuri, lakini pedali bado ni kama sponji. Gari lilikuwa juu ya lifti. – Fundi, Nanenane, Dodoma*

Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyotusaidia. Van nyingi za zamani zina vali ya uzito, iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono au springi. Gari likiwa tupu na nyuma imepanda juu, vali hupunguza mafuta ya kwenda nyuma ili magurudumu yasifunge. Ukiliinua kwa bodi, ekseli ikaning'inia, vali inadhani gari ni jepesi kuliko lilivyo. Mafuta yanapita kidogo na hewa inabaki. Shusha gari, liweke juu ya stendi zilizo chini ya ekseli, springi zikiwa zimebeba uzito, kisha toa upepo upya.

Hakikisha pia kwamba nipeli (skrubu ya kutolea upepo) ya kalipa mpya iko juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia nipeli inakwenda chini, na hewa haitoki hata ukanyagiwe pedali siku nzima. Na kikopo kisiruhusiwe kukauka wakati wa kazi: hewa ikiingia kwenye kifaa cha ABS (mfumo unaozuia magurudumu kufunga), gari nyingi zinahitaji kompyuta ya gereji kuitoa.

Tumia DOT 4 kutoka chupa mpya. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa. Kwa kiwango cha chini kinachotakiwa, DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji hushuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Chupa iliyokaa kwenye rafu ikiwa wazi tangu mwaka jana haina tena kile ulicholipia. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo mbili.

Herufi kwenye pedi

*Dukani nimeonyeshwa pedi mbili za bei tofauti sana. Moja imeandikwa EE, nyingine FF. Zina maana gani? Na feki nitaijuaje? – Mama mwenye van ya shule, Area C*

Mama, herufi ya kwanza inaeleza mshiko wa pedi ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari linalobeba watoto usichukue EE kwa kufuata unafuu wa bei. Hata hivyo herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani wala kama imegundishwa vizuri. Kwa hilo tafuta alama ya E iliyozungushiwa duara, yenye namba pembeni, na maandishi 90R au R90. Ni ya kanuni ya Umoja wa Mataifa inayotaka pedi mbadala ilinganishwe na ile ya kiwandani kwa gari husika.

Alama nayo hughushiwa, kwa hiyo shika pedi mkononi. Ukwaruze ukingo kwa kucha: ikitoa unga, iache. Tazama mstari ambapo kinachosugua kinakutana na bati. Kusiwe na mwanya hata wa unywele. Pedi nne zifanane kwa rangi na unene. Pedi mpya nyingi huwa na milimita 10 hadi 12 za kusugua. Weka moja mezani juu ya kioo, bati likiwa chini. Ikicheza, bati limepinda. Mwambie fundi azibadilishe zikibaki milimita 3, asisubiri mlio wa chuma.

Mlio mkali baada ya barabara ya vumbi

*Nikitoka vijijini Chemba nyuma kunalia kama bati linakatwa, hata nisipokanyaga breki. Pedi ni mpya. – Dereva*

Ni kokoto imeingia kati ya diski na bati la kinga lililo nyuma yake. Rudi nyuma mita chache. Mara nyingi huanguka. Isipoanguka, toa gurudumu na uvute bati hilo kidogo kwa bisibisi ndefu. Usilikate bati ukalitupa. Linazuia tope lisirukie upande wa ndani wa diski wakati wa masika.

Harufu ya kuungua mteremko wa Nyang'oro

*Naendesha van ya mizigo Dodoma–Iringa kupitia Mtera. Nikishuka Nyang'oro nasikia harufu ya kuungua nyuma, na pedali inakuwa ndefu. Nilimwagia diski maji zikapoa. Ni sawa? – Dereva, Dodoma*

Hapana ndugu dereva, usirudie. Diski yenye mamia ya nyuzi joto ikimwagiwa maji ya dumu hupasuka nyufa ndogo ambazo huzioni siku hiyo. Harufu ni onyo la kwanza. Pedali ndefu ni jambo kubwa zaidi: mafuta ya breki yameanza kuchemka, na mvuke wake unabanika kama hewa. Kanyago linalofuata linaweza lisikute kitu.

Ingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza, ile ambayo ungeitumia kuupanda. Injini ishike gari. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha iachiwe ipoe. Kuegemeza mguu juu ya pedali mteremko mzima ndiko kunakochemsha.

Ukilazimika kusimama, tafuta sehemu pana nje ya barabara, tia gia, weka kabari au jiwe chini ya gurudumu, na usivute hendibreki diski zikiwa za moto, kwa kuwa zikipoa zimebanwa huacha alama na mtetemo. Subiri angalau nusu saa. Ukiondoka, litoe jiwe barabarani kwa mikono yako, maana anayekuja nyuma yako usiku na pikipiki halioni.

Ukifika Dodoma, linganisha joto la magurudumu mawili ya nyuma baada ya mwendo wa kawaida usio na mteremko, kwa kipimajoto cha kulenga au kwa kusogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Yakiwa na joto sawa, tatizo ni uzito wa mzigo na namna ya kushuka. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake, kuna pini, pistoni au kebo iliyokwama upande huo, na inafunguliwa kama tulivyomweleza mfanyabiashara wa Kibaigwa. Kwa vyovyote vile, mafuta ya breki yaliyochemka yamwagwe yote na kuwekwa mapya, magurudumu manne, kabla ya safari nyingine ya Iringa.